Habari za Damu

Kalangalala, Geita
12 Februari 2023

Shangazi yangu Scolastika,

Shikamoo. Natumaini mvua imewafikia huko Tinde na mpunga umeshika. Huku inanyesha kwa hasira asubuhi, mchana vumbi linarudi kama vile hakijatokea kitu. Sisi ni wazima. Cherehani yangu bado iko barazani kwa Mama Blessing. Nashona sare za shule na kutanua suruali za wanunuzi wa dhahabu, maana matumbo yao kila mwaka yana habari mpya. Mayala yuko machimboni upande wa Nyarugusu, kwenye duara lile lile, shimo lao la dhahabu. Anasema mwamba ni mgumu. Tangu nimjue mwamba ni mgumu.

Utashangaa kupata barua wakati huu ambapo watu wanatumiana sauti. Lakini simu yako inashikwa na watoto wa baba mdogo, na ujumbe wowote wanausoma wao kwanza, kisha wanakusomea uani watu wote wakiwepo. Yangu mimi, nikiongea, mama mkwe yuko upande wa pili wa pazia. Ninalotaka kukuambia si la uani wala la pazia. Thobias wa gari la mchele amekubali kulibeba. Nimemwambia ni vipimo vya gauni.

Shangazi, juzi imekuja tena.

Huu ni mwaka wa tano wa ndoa. Sijui kama nilikuambia jinsi tunavyoishi. Damu ikianza mama mkwe anajua, kwa sababu choo ni kimoja na kamba ya kuanikia ni moja. Anangoja. Ikikatika ananiuliza, "Umeshaoga?" Nikisema ndiyo, anachukua simu na kumpigia mwanawe mbele yangu: "Mwenzio ameshaoga, njoo." Mayala anaomba ruhusa kwa msimamizi, anakuja na macho mekundu ya vumbi la mawe, anakaa siku tatu, nne, anarudi. Mama mkwe anasema hizo ndizo siku, mlango ukiwa bado wazi, ukichelewa unafungwa. Hivyo ndivyo alivyozaa yeye, na mama yake kabla yake.

Mimi sina cha kumjibu, kwa sababu sijui. Nimemaliza kidato cha nne na sijui. Wewe uliyenilea ulikuwa unawafundisha wanandoa pale parokiani habari za siku, mimi mnanifukuza nikacheze nje. Sasa nifundishe. Wamesema baada ya mavuno ukoo utakaa kikao kuhusu mimi.

Mwanao,
Lusia


Tinde, Shinyanga
5 Machi 2023

Mwanangu Lusia,

Marahaba, mhola. Barua yako imekaa wiki nzima kwenye gari la Thobias kwa sababu gari lenyewe lilikaa wiki nzima kwenye tope. Imefika inanuka pumba. Hapa tuko salama. Baba yako mdogo anasumbuliwa na mgongo, mbuzi mwekundu kazaa mapacha, na kwaya imepata mwalimu mpya anayetaka tuimbe tukiyumba kama mianzi. Mimi mzima, uchovu tu. Umri unadai.

Nimekasirika kidogo na nimekuhurumia sana, sasa nimekaa. Sikiliza.

Huo mlango hauko kama anavyosema mama mkwe wako. Damu ni nyumba iliyosafishwa baada ya mgeni kutofika. Baada yake mwili unaanza kuandaa yai jingine, na unahitaji muda. Yai likitoka halikai, kama siku moja limekwisha. Mbegu ya mwanamume ndiyo yenye subira. Inaweza kungoja humo siku tatu, hata tano, kama kuna ute wa kuitunza. Kwa hiyo siku za kupata mtoto ni chache, ni zile zinazotangulia kutoka kwa yai na ile siku yenyewe. Sisi Sista alitufundisha kuhesabu tangu siku ya kwanza ya damu, na kuitazamia ya kumi na nne.

Na tazama ute. Siku nyingi utakuwa mkavu, au utaona kitu kizito kama uji uliopoa. Zikikaribia siku zenyewe utakuwa mwepesi, unang'aa, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Usione aibu kujitazama. Ng'ombe tunamtazama, kuku tunamtazama, sisi wenyewe tunajiogopa.

Jambo jingine, na hili usiseme kwa sauti kwanza. Mtoto haandikwi jina la mama peke yake. Mimi nilirudishwa nyumbani nikiwa na umri kama wako, ng'ombe wakarudi nyuma yangu, watu wakisimama barabarani kuwahesabu. Yule bwana akaoa mwingine, kisha mwingine. Mpaka tunamzika, hapakulia kitoto nyumbani kwake. Hakuna aliyekuja kuniambia samahani, na mimi sikungoja. Lakini bwana wako apimwe pia, wakati ukifika.

Nakutumia michembe, viazi vyetu vya kukausha. Ipike na karanga.

Shangazi yako,
Scolastika


Kalangalala, Geita
21 Mei 2023

Shangazi,

Shikamoo. Michembe imefika, nusu ameila mama mkwe akisema haina mchanga kama ya kwao. Nimemshukuru kwa niaba yako. Pole na mgongo wa baba mdogo. Huku kuna mafua, kila nyumba inakohoa.

Nimefanya ulivyosema, miezi miwili. Ya kumi na nne ilifika, nikajitazama, hapana kitu. Mkavu. Nililia chooni, Shangazi, nikijua kwamba mimi kweli ni jiwe. Nikaacha kutazama. Kisha kama wiki moja baadaye, niko kwenye cherehani, nikahisi unyevu. Nilipokwenda kuangalia ulikuwa ule ule uliousema, wa yai bichi. Mayala alikuwa ameshaondoka zamani. Mwezi uliofuata, vile vile.

Nikaenda kliniki. Nilimkuta muuguzi anaitwa Juliana, mwembamba, anaongea kama mtu anayewahi basi. Aliniuliza damu yangu hurudi baada ya muda gani. Nikasema kila mwezi. Akasema, "Mwezi wa nani? Wa kalenda au wako?" Tukahesabu pamoja. Wangu ni siku thelathini na tano, wakati mwingine moja zaidi. Akasema si ugonjwa, kuna wanawake wa hivyo wengi. Lakini ile kumi na nne ni ya mwenye mzunguko wa siku ishirini na nane. Akasema kipande kinachobadilika zaidi ni kile cha mwanzo, kabla ya yai kutoka. Kutoka yai mpaka damu inayofuata ni kama wiki mbili kwa wengi wetu. "Kwa hiyo wewe," akasema, "hesabu kurudi nyuma. Yai lako linatoka karibu na siku ya ishirini na moja. Na usiishike kama saa ya kanisani, mwili hupitiwa. Amini ute kuliko kalenda."

Nilirudi kwa miguu ingawa jua lilikuwa kali. Miaka mitano mume wangu amekuwa akipanda kabla ya mvua. Mama yake ndiye anayempigia simu aje mapema, yeye anayemtaka mjukuu kuliko sisi wote.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema, "Mama, muuguzi anasema siku zangu ziko mbele zaidi."

Alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua uso. "Muuguzi ana watoto wangapi?"

"Sikumuuliza."

"Mimi nina saba."

Basi, yakaisha hapo.

Amekuja na msichana kutoka kwao, anaitwa Salome, wa kunisaidia kazi. Anapika vizuri.

Lusia


Tinde
4 Juni 2023

Mwanangu Lusia,

Marahaba. Nisamehe barua fupi. Tumevuna, mpunga si haba, lakini mimi sikushika mundu safari hii, niliwapikia tu.

Huyo Juliana ana akili. Sista alitupa wastani, nasi tukaugawa kama sakramenti. Mshukuru kwa niaba yangu.

Kazi gani za kusaidiwa katika chumba kimoja na sebule? Usinijibu, nimeelewa. Usigombane na huyo binti, naye kaletwa tu aolewe, kama wewe ulivyopelekwa.

Sasa ikiwa mume haji siku zako, nenda wewe. Usiagize mtu, usipige simu. Mke kumfuata mumewe si kosa popote.

Nina ombi. Ukipata mabaki ya kitambaa cha pamba, laini, cheupe au cheusi, nifungie mengi umpe Thobias. Ya kufutia vyombo.

Scolastika


Kalangalala, Geita
9 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia baraza likiwa tupu, Mama Blessing amekwenda msibani Chato. Salome naye ameuliza kama Chato kuna kazi. Ana dada yake huko anayeuza samaki. Nimemwambia ipo.

Nilikwenda. Nilipoona ute nilifunga cherehani, nikamwambia mama mkwe nimeitwa kupima sare za shule moja huko mbali, nikapanda basi, kisha bodaboda. Barabara imechimbika, nilishuka nimejaa vumbi. Machimboni hapako kama nilivyofikiri. Maturubai, makarasha yanasaga mawe, mtu akitaka kusema neno anakuja sikioni. Mwanaume mmoja akanizuia kwenye kamba. Baadaye nikajua ndiye Enock, msimamizi wa duara la Mayala.

"Mama, samahani. Uko safi?"

"Nimeoga asubuhi."

"Siulizi hivyo."

Nilijua anachouliza. Wanaamini mwanamke aliye kwenye damu akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Wanaume wawili walisimama wakingoja jibu langu. Fikiria, Shangazi, nyumbani naulizwa kama imekwisha, kule naulizwa kama imeanza. Nilikuwa nimechoka hata kuona aibu. Nikasema, "Siko kwenye siku zangu unazoziogopa. Niko kwenye siku zangu nyingine. Niitie mume wangu."

Mayala alitoka chini ana matope mpaka kope. Akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, twende tukae. Nikamweleza yote, yai, ute, kuhesabu kurudi nyuma. Nilidhani atanikatisha. Alisikiliza huku akibandua udongo mkononi kipande kwa kipande.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nakuja bure?"

"Hukuja bure. Ulikuja mapema."

Akacheka. Ndipo akaniambia kwamba mama yake alimhakikishia nachoma sindano za uzazi wa mpango kwa siri, ndiyo maana. Na yeye alikuwa ameamini. Si mara zote, alisema. Siku za uchovu tu. Na huko chini, kila siku ni ya uchovu.

Niliomba maji ya kunywa.

Usiku ule alilala kabla sijavua viatu. Nilikaa siku tatu. Asubuhi ya kuondoka alisema, "Kuanzia sasa nitakuja ukiniita wewe. Mama nitamjibu mwenyewe." Tusubiri tuone, maana kumjibu mama ni kazi ngumu kuliko mwamba.

Nimekufungia vitambaa, mfuko umejaa. Lakini Shangazi, mimi ni fundi. Vyombo havifutwi kwa pamba laini. Vitambaa hivi ni vya nini?

Lusia


Tinde
20 Agosti 2023

Mwanangu,

Marahaba. Vitambaa vimefika, wabeja sana, umenifaa. Nafutia vyombo kama nilivyosema.

Nimefurahi kwamba ulikwenda. Nimesoma mara mbili pale kwa Enock, nikacheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Kuhusu Mayala, mpe nafasi. Mwanaume aliyeambiwa uongo na mama yake hajui pa kuuweka.

Habari za hapa ni nyingi. Pamba imenunuliwa kwa kuchelewa. Mwalimu wa kwaya ameoa. Mbuzi mmoja wa wale mapacha ameliwa na fisi, watu wanasema si fisi wa kawaida, mimi nasema ni fisi. Paroko amepata pikipiki. Kisima kimekauka mapema, tunakwenda kile cha shule. Mdogo wako Masele, yule mtoto wa baba mdogo, ameanza kazi ya ulinzi mjini.

Kikao cha ukoo kimefikia wapi? Wakikuita, nenda umekula na umevaa vizuri. Usilie mbele yao.

Scolastika


Kalangalala, Geita
3 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Nimemuuliza Thobias. Hakutaka kusema, nikamwekea chakula, akasema. Anasema kanisani unaimba umekaa. Anasema umekonda. Anasema mke wake alikukuta kwenye kile kisima cha shule unafua peke yako alfajiri, na maji yalikuwa mekundu, nawe ukasema ni rangi ya kitenge kipya.

Una miaka sitini na moja. Uliniambia mwenyewe, mwaka ule nilipoolewa, kwamba zako zimekoma na umepumzika.

Nilikwenda kwa Juliana. Sikutaja jina. Nilisema kuna mama mmoja, damu ilikoma miaka mingi, sasa inatoka tena. Yule dada anayeongea haraka, safari hii aliweka kalamu chini. Akasema, "Mwanamke aliyekoma hana siku tena. Ikirudi, hata tone, hiyo si hedhi. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa saratani, na hakuna anayejua mpaka apimwe. Anangoja nini?"

Nikuulize mimi. Unangoja nini? Umeniandikia habari za fisi na pikipiki ya paroko. Umenifundisha kujitazama bila aibu, na wewe unafua gizani.

Yangu imekuja tena wiki hii, kama unataka kujua. Nilidhani nitaanguka, nimekaa tu nikaendelea kushona. Kikao kimefanyika. Nilikwenda nimekula. Mayala alisimama akasema mke wake harudishwi, na kama kuna wa kupimwa ataanza yeye mwenyewe. Mama yake hajaongea nasi tangu siku hiyo. Nyumba imetulia ajabu.

Huyu anayekupa barua hii si Thobias. Ni Mayala. Amekuja kukuchukua. Nguo zako zifungwe leo.

Lusia


Mwanza, hospitalini
15 Oktoba 2023

Mwanangu Lusia,

Marahaba. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Wodi ni safi, chakula hakina chumvi, kitanda cha jirani kuna bibi wa Kizinza anayesali kwa sauti mpaka wauguzi wanaitikia amina.

Umeniuliza nilikuwa nangoja nini. Nimekuwa na siku nyingi za kulifikiria.

Ilianza Krismasi ya mwaka jana. Tone, kisha tone. Mara ya kwanza, utanicheka, nilifurahi. Nilidhani mwili umenikumbuka. Baadaye nikaogopa. Kisha nikaona aibu, na aibu ikawa kubwa kuliko hofu. Mwanamke mzima, mwimbaji, mwalimu wa wanandoa, naenda kumwambia kijana wa zahanati kwamba natoka damu? Ndipo barua yako ya kwanza ikaja. Nikakujibu nimejifunga vitambaa. Kila nilichokuandikia kuhusu damu, niliandika yangu ikitoka. Ilikuwa rahisi kuitazama ya kwako.

Walichukua kinyama kidogo wakakipima. Ni saratani, imeanzia kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, alinishika mkono akasema bado haijatoka nje ya mji wenyewe, tumshukuru aliyenileta. Wiki iliyopita wamenipasua, wameondoa nyumba yote. Nitarudi kila baada ya miezi michache waniangalie. Ningekaa mpaka Krismasi nyingine, alisema, na akaacha kumalizia.

Nyumba ile haikupata mpangaji hata mmoja, na bado nililia ilipoondoka. Sikujua nitalia.

Sasa Mayala. Alilala kwenye benchi la nje siku ya upasuaji na siku zote baada yake. Amekosa duara, amekosa zamu zake, na najua mwezi huu amezikosa na siku zako. Nilimwambia rudi, akasema siku za Lusia zitarudi, wewe shangazi ni mmoja. Kwenye basi tukija aliniuliza, "Kwa nini mama hakutufundisha haya?" Nikamwambia kwa sababu na yeye hakufundishwa. Alipewa alichonacho, naye akakupeni hicho hicho.

Kuna jambo jingine alilifanya hapa Mwanza bila kuombwa na mtu, kwenye maabara. Majibu ni yake, atakuambia mwenyewe. Ila usiwe na hofu akikuambia.

Scolastika


Kalangalala, Geita
28 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo, pole na kidonda, na pole na safari ya kurudi Mwanza kuangaliwa. Thobias ameniambia unatembea mpaka barabarani na kurudi.

Salome alikwenda Chato kabla ya Krismasi. Aliaga vizuri, akaniachia sufuria yake. Mayala yupo hapa, duara limejaa maji ya mvua wanangoja pampu, kwa hiyo ameshinda akitengeneza paa la choo. Majibu yake ya maabara aliniambia jioni ile ile aliyorudi: yuko sawa. Aliona aibu kuwa sawa. Alisema alitamani kidogo liwe kosa lake, ili aache kunidai.

Mwezi wa kumi na mbili sikuona. Nilijua tangu siku niliyoitazamia ilipopita, lakini nimejifunza kutoamini. Nikangoja. Mwezi huu pia sikuona. Nikaenda kwa Juliana, akapima, akageuza kile kipimo kunionyesha mistari miwili. Nikamwomba apime tena. Akapima tena.

Sikuruka, Shangazi. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikala chungwa. Nimechoka sana, na kichefuchefu kimeanza, harufu ya mafuta ya cherehani inanitoa nje. Naogopa kila ninapokwenda chooni. Juliana anasema ni mapema, twende taratibu, nianze kliniki. Basi naenda taratibu.

Mama mkwe amejua, choo ni kile kile. Ameanza kuongea nasi. Anawaambia majirani kwamba ni mizizi aliyonichemshia mwezi wa saba, ambayo niliimwaga. Jana alimwambia Mama Blessing mbele yangu, "Niliwaambia mlango utafunguka." Mayala akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Nilikuwa na maneno ya miaka mitano. Yalikuwa tayari. Nikamwangalia mama yule, ameshika ufagio, anacheka, meno mawili hayapo. Sikuona faida. Nilimwambia ahsante mama, nikaenda kulala.

Je, nimefanya vibaya?

Mwanao,
Lusia


Tinde
18 Februari 2024

Mwanangu Lusia,

Marahaba, na marahaba ya huyo aliye ndani. Nimepiga goti pale pale kwenye gari la Thobias, watu wakadhani kidonda kimefunguka.

Hukufanya vibaya. Mwache na mizizi yake. Lakini mtoto akiwa binti, akifika umri, usimwachie bibi yake amfundishe peke yake.

Mimi naendelea. Mwanza wamesema wanaridhika, nirudi tena baada ya masika. Nachoka upesi, nalala mchana kama paka.

Jumapili iliyopita nilimwomba paroko wanawake wabaki baada ya misa. Nilisimama mbele, nikashika kiti. Kwanza nikasahihisha ile hesabu ya kumi na nne. Nikawaambia kila mmoja ana mwezi wake, ahesabu kurudi nyuma, aamini ute, na mume naye apimwe. Hapo walicheka na kuguna. Kisha nikawaambia habari ya damu yangu mwenyewe, tangu tone la kwanza, vitambaa, kisima cha shule, yote. Hakuna aliyecheka. Walitazama sakafu. Nilirudi nyumbani nikijiona nimejivua nguo bure.

Juzi mchana mtu akabisha. Ni Bi Kudra, jirani yetu wa msikitini, ambaye hata hakuwepo kanisani. Mume wake ni yule Masudi wa duka la mafuta ya taa. Ana wajukuu wakubwa. Nikamkaribisha ndani, akakataa. Akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akatazama nyuma kama kuna mtu anayesikiliza.

Akasema, "Mimi ni mwaka wa pili."

Nikachukua kiti nikamtolea nje, akakaa. Kesho asubuhi tunakwenda naye hospitali ya mkoa, kwa gari la kwanza, kwa hiyo niishie hapa nikapumzike.

Shangazi yako,
Scolastika